Tumbo Linalouma na Kurudi: Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Maumivu ya tumbo ya siku moja au mbili humpata kila mtu, na mengi huisha hata bila dawa. Makala haya yanahusu maumivu ya aina nyingine: yale yanayokuja, yakatulia wiki mbili, yakarudi tena, na ambayo mgonjwa ameshayatibu mara tatu au nne bila mtu yeyote kumweleza hasa anaumwa na nini.

Mgonjwa wa namna hii, awe wa Sironga au wa sehemu nyingine yoyote ya Nyamira, mara nyingi ana bahasha nyumbani iliyojaa karatasi. Kuna risiti za duka la dawa, kuna vijidaftari vya zahanati mbili tofauti, kuna majibu ya maabara ya kibinafsi kule sokoni. Ukizisoma, karibu zote zina jina moja kati ya mawili: taifodi, au vidonda vya tumbo. Majina yote mawili yanaweza kuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba hutolewa upesi mno, na mtu akishapewa jina la ugonjwa huacha kutafuta. Wakati huo chanzo chenyewe, kama kipo kingine, kinaendelea kukua.

Taifodi ya kila mwezi

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, ni ugonjwa wa kweli na unaua. Huletwa na bakteria wanaoingia mwilini kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na katika kaunti ambako familia nyingi huteka maji ya chemchemi, hakuna wa kuupuuza. Ndiyo maana mnamo Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi yake.

Hata hivyo, alama yake kuu ni homa inayopanda siku baada ya siku, pamoja na kuumwa kichwa na uchovu mwingi. Mtu ambaye hajawahi kupata homa, na ambaye tumbo humchoma kila akikaa na njaa kwa miaka miwili sasa, hana dalili za taifodi, hata karatasi ya maabara iseme nini.

Na karatasi hiyo husema mengi. Kipimo kinachotumika sana katika maabara ndogo huitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza baada ya kukutana na bakteria hao, na askari hawa hubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya mtu kupona. Wanaweza pia kuonekana kwa mtu aliyeambukizwa bakteria wengine wa jamii hiyo. Kwa hiyo mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaweza kupimwa leo na akaambiwa ana taifodi. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu katika maabara. Huchukua siku kadhaa, na huweza kukosa jibu ikiwa mgonjwa ameshaanza kumeza antibiotiki.

Anayetibiwa taifodi mara nne kwa mwaka ana haki ya kuuliza maswali mawili kwa upole: joto langu lilikuwa nyuzi ngapi siku ile, na je, damu yangu inaweza kuoteshwa? Mhudumu mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Vidonda, bakteria na dawa za mgongo

Jina la pili, vidonda vya tumbo au alsa, lina historia yake. Hadi miaka ya 1980 madaktari duniani kote waliamini kuwa vidonda vinaletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi. Madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walisema la. Vingi vinaletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakuamini kwamba kuna kiumbe kinachoweza kuishi ndani ya asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao. Siku chache baadaye akaanza kuugua, na alipopimwa kwa kamera, utando wa tumbo lake ulikuwa umevimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa mkazi wa Nyamira, ugunduzi huo una maana moja kubwa: kidonda cha tumbo kinaweza kupona kabisa. Wako watu wanaosema "mimi ni mtu wa alsa" kana kwamba wanataja ukoo wao, na kila jioni wanatafuna vidonge vya kutuliza asidi kwa miaka kumi. Ikiwa bakteria hao ndio chanzo, tiba huwa ni mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14 mara nyingi, nayo humezwa hadi mwisho. Anayeacha siku ya tano kwa sababu tumbo limetulia huwaacha bakteria wagumu zaidi wakiwa hai, na safari nyingine dawa zile zile huweza kushindwa.

Kupima nako kuna mitego yake. Kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hakiwezi kutofautisha maambukizi ya sasa na ya zamani. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi ni bora zaidi. Lakini dawa za kupunguza asidi kama omeprazole huweza kuwaficha bakteria, hivyo kwa kawaida mgonjwa huombwa kuziacha wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne kabla. Asiziache bila kumwuliza daktari, hasa kama amewahi kutokwa na damu tumboni. Baada ya matibabu, kipimo hurudiwa wiki nne au zaidi zikishapita, ili ijulikane kama bakteria wameisha kweli. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa mtu akipata nafuu haoni sababu ya kulipa nauli tena.

Ieleweke pia kwamba karibu nusu ya watu duniani wanao bakteria hawa, na wengi wao hawaumwi kitu. Kuwapata kwenye kipimo ni sababu ya kutibiwa, ila kama maumivu yanabaki pale pale baada ya bakteria kuisha, utafutaji unaendelea.

Chanzo kikuu cha pili cha vidonda kiko mfukoni mwa watu wengi wanaofanya kazi nzito. Mchuma chai anayeinama kwenye mashamba tangu alfajiri na kubeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, au kijana anayebeba mawe na matofali, jioni hutafuta dawa ya mgongo. Diclofenac, ibuprofen na aspirin hutuliza maumivu vizuri sana. Pia hupunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Akizitumia kila siku, hasa kabla ya kula, tumbo linaanza kuchubuka. Kisha anakwenda dukani kutafuta dawa ya tumbo, na hakuna anayemwuliza kuhusu mgongo. Baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa kwenye vioski vina aspirin ndani yake, hivyo mtu huweza kuapa kwamba hatumii dawa yoyote kumbe anameza kila jioni. Kwa wazee hatari ni kubwa zaidi, maana kidonda huweza kutoa damu bila kuuma hata kidogo.

Daftari la shilingi chache

Kifaa cha kwanza cha kutafuta chanzo hakihitaji umeme. Ni daftari la shule na kalamu. Kwa muda wa wiki mbili hivi, mgonjwa aandike kila mara tumbo linapouma: siku na saa, sehemu gani, linachoma au linakata au linasokota, limeuma kwa muda gani, alikuwa amekula nini, choo kilikuwaje, na dawa gani amemeza, za hospitali, za dukani na za mitishamba. Mwanamke aongeze siku za hedhi. Sentensi moja inatosha: "Jumanne, saa kumi usiku, juu ya kitovu, linachoma, nilikula ugali na managu saa mbili, nimekunywa maziwa likatulia." Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule.

Daktari akisoma kurasa kama hizo huona mengi ambayo mgonjwa hawezi kuyakumbuka akiwa kwenye benchi la hospitali. Maumivu ya juu ya kitovu yanayoamsha mtu usiku humpeleka kwenye tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo. Yakiwa chini ya mbavu za kulia, yakija saa moja au mbili baada ya chapati na nyama ya mafuta na kupanda hadi begani, anafikiria mawe kwenye kibofu cha nyongo, na picha ya ultrasaundi huweza kuyaonyesha. Maumivu yanayoanzia ubavuni na kushuka hadi kinenani, yakimfanya mtu ajigeuze huku na kule bila kupata mkao, ni ya mawe ya figo mara nyingi. Yanayokatika baada ya kwenda choo yanaelekeza kwenye utumbo mpana.

Wakati mwingine jibu liko kwenye kikombe. Watu wazima wengi Afrika hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa. Wakinywa glasi ya maziwa freshi au chai ya maziwa mengi, tumbo hujaa gesi na kukata, kisha huharisha. Amabere amaruranu huwasumbua kidogo zaidi, kwa kuwa katika kuganda sehemu ya sukari hiyo huwa imeshaliwa na bakteria wa maziwa. Mtu akiona kwenye daftari lake kwamba tumbo huuma siku za chai nyingi na si siku za maziwa mala, amepata fununu nzuri bila kulipa chochote.

Kwa wasichana na wanawake, safu ile ya hedhi ndiyo yenye uzito. Maumivu makali ya chini ya tumbo yanayorudi kila mwezi, yanayomlaza msichana kitandani au kumfanya akose masomo, huambiwa "ni kawaida, utazoea ukizaa." Huenda ni endometriosisi, hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata wanawake 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao huteseka miaka mingi kabla ya kutambuliwa, na picha ya kawaida huweza isionyeshe kitu. Maumivu ya chini yenye homa na uchafu unaonuka ukeni ni jambo jingine, maambukizi ya via vya uzazi, na yasipotibiwa mapema huweza kuziba mirija na kuleta utasa.

Kwa mtoto, watu wengi huwaza minyoo kwanza, na dawa ya minyoo ni nzuri. Lakini mtoto aliyepewa dawa hiyo mwezi jana shuleni na bado analia tumbo hahitaji ya pili na ya tatu. Aulizwe kuhusu choo kigumu, jambo la kawaida mno kwa watoto, na kuhusu yanayotokea shuleni asubuhi. Akiwa na macho ya manjano na maumivu ya mifupa pia, apimwe selimundu.

Dalili ambazo haziwekwi kwenye daftari

Yapo mambo ambayo mtu hayaandiki akasubiri wiki mbili. Tumbo gumu kama ubao, kutapika pamoja na kushindwa kutoa choo na hata hewa, kutapika damu au kitu kama masalio ya kahawa, choo cheusi kinachong'aa kama lami: hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Mwanamke aliyechelewa hedhi na akashikwa na maumivu makali upande mmoja na kizunguzungu huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na damu inamwagika ndani bila kuonekana. Maumivu yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini kulia ndani ya siku moja yanaweza kuwa ya kidole tumbo. Katika hali hizi asinywe dawa ya kufungua choo, wala asikandwe tumbo.

Kundi la pili huenda polepole, na kwa hiyo hudanganya zaidi: kupungua uzito bila kukusudia, kushiba baada ya matonge machache, upungufu wa damu, macho ya manjano, uvimbe unaoshikika, chakula kukwama kooni au kifuani. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye hajawahi kusumbuliwa na tumbo na sasa linamsumbua naye yumo. Saratani ya tumbo na ya umio huanza kwa dalili ndogo zinazofanana na alsa, na dawa ya asidi huzipunguza kwa muda. Saratani ya umio imeenea hasa magharibi mwa Kenya, kiasi kwamba Hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa wake. Wengi hufika wakati hata uji hauteremki. Mwenye dalili yoyote kati ya hizi asikubali pakiti nyingine ya dawa kabla ya kupimwa kwa kamera.

Kuanzia wapi

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ndicho pa kuanzia, na faida yake kubwa ni kumbukumbu. Mgonjwa anayerudi mahali pamoja mara tatu, akiwa na bahasha yake na daftari lake, huonekana kuwa mtu mwenye tatizo la muda mrefu. Anayezunguka sehemu tatu huonekana mgeni kila mahali, na kila mahali huanzishiwa dawa ile ile. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji naye anaweza kumwelekeza na kufuatilia.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kujisajili hufanywa kwa kitambulisho cha taifa, kwa simu kupitia *147# au kwa kusaidiwa kituoni. Aliyejisajili hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila malipo, kwa fedha za Hazina ya Afya ya Msingi. Kwa matibabu ya hospitali za juu, mchango unatakiwa uwe umelipwa: asilimia 2.75 ya mshahara kwa walioajiriwa, na kwa wengine kiwango kinachopangwa kulingana na mapato ya kaya, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Ni busara kulipa kabla ya kuugua, maana foleni ya hospitali si mahali pa kuanza kutafuta pesa hizo.

Kutoka kituo cha afya mgonjwa huandikiwa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au, kulingana na kipimo kinachohitajika, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Barua hiyo isiachwe nyumbani. Anayekwenda kupimwa kwa kamera hukaa bila kula kwa saa sita hadi nane. Akichomwa dawa ya usingizi, asipande pikipiki peke yake siku hiyo. Aende na mtu wa kumrudisha.

Vipimo vikikosa kuonyesha kitu

Kuna wagonjwa ambao damu ni safi, kinyesi ni safi, ultrasaundi na kamera hazionyeshi kitu, na bado wanaumwa. Nyumbani huanza minong'ono. Wengine husema anajifanya, ili asiende shambani. Wengine husema ametazamwa na jicho baya au amerogwa, na jina la jirani mzee hutajwa. Gusii inajua maneno hayo huishia wapi: Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti jirani ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Ugonjwa uliokosa jina si ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Kipimo kisichoonyesha kitu kina kazi yake. Kimeondoa kidonda, kimeondoa uvimbe, na kimebakiza mambo machache ya kufikiria. Moja ni tatizo la mwendo na hisia za utumbo, ambapo utumbo hauna jeraha lolote lakini misuli na mishipa yake ya fahamu hufanya kazi kwa vurugu. Madaktari hulitambua kwa vigezo vinavyoitwa vya Roma, vilivyorekebishwa mwaka 2016: maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu, yanayoendana na kwenda choo au na mabadiliko ya choo. Hakuna mashine inayolipima. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, na hapo daftari lile linakuwa ndilo kipimo.

Maumivu hayo ni ya kweli, na msongo wa mawazo huyazidisha bila kuyafanya ya kubuni. Hutulizwa kwa kupunguza vyakula ambavyo daftari limevitaja, kula kwa saa zinazojulikana, kutembea, kulala vya kutosha, na dawa za kulegeza misuli ya utumbo pale daktari anapoona inafaa. Nafuu huja kwa wiki na miezi. Mgonjwa apewe tarehe ya kurudi, ajipime uzito kila mwezi kwenye mizani ile ile ya zahanati, na akiona unashuka au damu kwenye choo, asingoje tarehe hiyo ifike.